Kufundisha Gerezani: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu Anayeanza

Nilidhani nimepata njia ya mkato ya kufundisha sehemu. Darasani walikuwamo wanaume ishirini na wawili, wengi wakiapa kwamba wao na hesabu ni paka na panya. Nikaandika ubaoni: kifungo cha miaka 9, toa theluthi. Kabla sijaiweka chaki chini, jibu lilikuwa limeshatajwa na nusu ya darasa: sita! Nikaandika miaka 7. Mzee mmoja aliyekwisha kuniambia kwamba kugawanya hajui akajibu bila karatasi: miaka minne na miezi minane. Theluthi ile kila mfungwa wa Kenya anaijua, kwa sababu Sheria ya Magereza inampa nafasi ya kupunguziwa theluthi moja ya kifungo akiwa na mwenendo mzuri. Tukacheka, tukaendelea. Ilinichukua robo saa kuona kwamba safu ya nyuma, watu watano, hawakuandika kitu. Walikuwa na vifungo vya maisha. Mfungwa wa maisha hana theluthi.

Hakuna aliyenilaumu. Wiki iliyofuata watatu kati yao hawakuja.

Naanza na kosa hilo kwa sababu walimu wanaotaka kwenda kufundisha jela huniuliza maswali mawili tu: nitafaidi nini, na nitaelewana nao vipi? Nilivyoona mimi, maswali hayo yana jibu moja. Ukaribu gerezani hauletwi na huruma, wala uchangamfu, wala mioyo mizuri. Huletwa na kazi yenyewe: somo lililoandaliwa kwa ajili ya watu waliopo, daftari lililosahihishwa, na mwalimu anayerudi siku aliyosema atarudi. Raha ya mwalimu nayo hutoka humo humo. Haya yafuatayo ni jinsi ya kuifanya kazi hiyo. Nimefundisha Pwani ya Kenya, katika gereza ambalo sitalitaja. Msomaji wa Tanzania au Uganda atakuta majina ya ofisi yanabadilika, lakini lango ni lango.

Hatua ya kwanza: jua ni nani walio ndani

Usiseme "wafungwa" ukadhani umetaja kundi moja. Wa rumande bado kesi zao zinaendelea. Leo yuko darasani, kesho yuko mahakamani, kesho kutwa amepata dhamana na humwoni tena. Wenye vifungo vifupi wanahesabu wiki, na wengi wao hutolewa kwenda kazini saa zile zile ulizopewa wewe. Kisha kuna wa muda mrefu: miaka kumi, ishirini, maisha, na waliohukumiwa kunyongwa. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, kwa hiyo hukumu ile imekuwa kungoja kusikokuwa na tarehe. Mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji bila kusikiliza hali ya mtu ni kinyume cha katiba, na baada ya hapo wengi walirudi mahakamani kuhukumiwa upya. Ukisikia mwanafunzi wako anasema ana "Muruatetu" mwezi ujao, ndiyo hiyo.

Tofauti hizi zinaamua unachofundisha. Wa rumande mpe somo linalosimama peke yake. Wa muda mrefu ndio nguzo ya shule. Magereza mengi makubwa yana shule tayari, na walimu wake ni wafungwa wenzao pamoja na maofisa wenye vyeti vya ualimu. Watafute hao kwanza. Hakuna kinachoudhi kama mgeni anayeingia na kuanza "kuleta elimu" mahali ambapo mwenzake amekuwa akifundisha Kidato cha Pili kwa miaka minane kwa chaki za kuokoteza.

Hatua ya pili: kibali

Hapa pafupi. Andika barua kwa ofisa msimamizi wa gereza, useme unataka kufundisha nini, siku gani, saa ngapi, kwa muda gani. Ambatisha nakala ya kitambulisho, vyeti vyako na cheti cha tabia njema. Taja kwamba Kifungu cha 51 cha Katiba kinamwachia mtu aliyefungwa haki zake zote, isipokuwa zile ambazo haziwezekani kabisa kwa sababu amefungwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa Kanuni za Mandela, zilizopitishwa 2015, zinasema katika Kanuni ya 104 kwamba elimu ya wasiojua kusoma na ya vijana iwe ya lazima. Usiandike hivyo kwa kutisha. Ofisa wa elimu wa gereza ndiye atakayeipigania barua yako, na anahitaji sababu za kuwaonyesha wakubwa wake.

Njia nyepesi kuliko zote ni kuingia na kundi linalojulikana, kama kanisa, msikiti, chuo au chama cha walimu. Subira iwepo. Ukipata ruhusa, hakikisha imeandikwa na unatembea nayo, kwa sababu ofisa aliyekukubalia kwa mdomo anaweza kuhamishwa wiki hiyo hiyo.

Hatua ya tatu: lango

Simu, fedha, wembe na kiberiti usije navyo. Hayo unayajua. Yatakayokuaibisha ni madogo. Daftari lenye waya halipiti. Bikari ya hesabu haipiti, maana ina ncha ya chuma, na mimi nilifika na seti ishirini za jometri za msaada, zikarudi nyumbani zote. Mchora duara akawa uzi: funga penseli upande mmoja, shika upande wa pili kwa kidole gumba, zungusha. Ajabu ni kwamba duara la uzi linafundisha nusukipenyo kuliko bikari, kwa sababu mwanafunzi anaushika mwenyewe urefu ule usiobadilika.

Andika orodha ya kila kitu unachoingiza, mpaka idadi ya penseli, igongwe muhuri, uhesabu tena unapotoka. Penseli moja ikipotea, darasa zima litapekuliwa kwa sababu yako. Nguo ziwe za heshima na zisifanane na sare ya askari wala ya wafungwa.

Askari wa langoni msalimie kwa utulivu, ujue jina lake, usimwonyeshe kwamba unachelewa. Nitasema jambo ambalo walimu hawapendi kulisikia: askari wengi wana kinyongo na shule ya gereza, na wana hoja. Mtu analipa karo ya watoto watatu kwa mshahara unaoisha tarehe kumi na tano, halafu anamfungulia mlango mfungwa akasome bure. Afande mmoja aliniambia hivyo waziwazi. Nikamuuliza mwanawe yuko kidato gani, nikampa nakala za mazoezi ya hesabu niliyokuwa nimeandaa kwa darasa. Toka siku ile wanafunzi wangu wakawa wanaletwa kwa wakati.

Hatua ya nne: siku ya kwanza

Usimuulize mtu alifanya nini. Usiulize kwa askari, usitafute kwenye magazeti ya zamani. Ukishajua, utafundisha kosa badala ya mtu, na atakuona machoni. Akitaka kukwambia atakwambia, nawe sikiliza kisha urudi kwenye somo.

Uliza majina. Mle ndani mtu huitwa kwa namba au kwa lakabu aliyobandikwa. Zunguka na karatasi, kila mmoja akwambie anavyotaka kuitwa darasani, na wiki ya pili uwe unayajua yote. Heshima za nje ziingie nazo. Katika darasa langu la kwanza aliingia mzee wa miaka sabini hivi, wa mwisho kabisa. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee." Aligeuka nyuma kuangalia ninamsalimia nani. Kisha akaitika marahaba, polepole, na vijana waliokuwa wamekalia benchi lote wakamsogelea kumpa nafasi.

Sasa upime wanajua nini, bila kumwaibisha yeyote. Usimsimamishe mtu mzima asome kwa sauti. Mpe kila mmoja karatasi, aandike chochote: jina, barua, hesabu, au achore ramani ya kijiji chake. Asiyejua kuandika atachora, na utajua wewe peke yako. Mwanafunzi anayesema "leo nimesahau miwani" kila wiki, mchukulie kwa njia mbili. Pengine anaficha kwamba hajui kusoma. Pengine kweli haoni! Mpe ukurasa, mwambie ausogeze mbali kadiri mkono unavyofika. Akianza kusoma vizuri, shida ni macho na herufi anazijua, maana mtu akipita miaka arobaini jicho huanza kukataa maandishi ya karibu. Miwani ya kusomea ni bei ndogo. Omba kupitia ofisi ya masilahi ya wafungwa iingie kama msaada kwa darasa zima. Usimletee mmoja mfukoni. Nilikuwa na watu wanne waliohesabiwa kuwa "hawajui kusoma" kwa miaka, wakasoma siku miwani ilipofika.

Hatua ya tano: somo linaloisha siku hiyo hiyo

Ratiba yako itavunjwa. Kutakuwa na kuhesabiwa wafungwa kwa ghafla, msako, wageni rasmi, mvua iliyoingia darasani, gari la mahakama. Ukipanga somo la wiki tatu linalotegemea kila mtu kuwepo, utalia. Panga somo lenye kichwa na mkia ndani ya saa moja: dakika tano za kurudia, ishirini za jambo jipya, ishirini za kazi, na kumi na tano za kusahihisha hapo hapo mwanafunzi akiwa mbele yako. Hiyo ya mwisho usiiache. Daftari ulilolibeba nyumbani linaweza kumkosa mwenyewe, na daftari alilolirudisha seli linaweza kuishia kwenye msako.

Kazi ya kufanyia seli iwe ndogo. Hakuna meza, ataandikia gotini, na anaweza kuwa katikati ya watu hamsini. Mpe cha kukariri, cha kumuuliza mwenzake, methali ya kutafutia maana.

Na kusahihisha kwenyewe ndiko kunakobeba uzito wa mwongozo huu. Alama ya vyema haimwambii mtu kitu. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa kusini mwa Pwani, aliandika insha ya mistari sita kuhusu utoto wake. Mmoja ulisema: tulikuwa tunakwenda na mama kutafuta pweza wakati wa bamvua. Tahajia mbovu, nukta hakuna. Ningeweza kuijaza wekundu. Badala yake nikaandika pembeni: "Mlijuaje shimo gani lina pweza?" Wiki iliyofuata akaleta kurasa mbili. Alieleza kwamba bamvua likikausha mwamba unatembea ukiangalia chini, na shimo la pweza linajitangaza lenyewe, maana mlangoni pana maganda ya kaa na chaza aliokwisha kula, yamekaa kama takataka za mlangoni kwa mtu. Alieleza kijiti, jinsi ya kukiingiza bila haraka, na jinsi mama yake alivyomkataza asivute mpaka pweza mwenyewe akishike. Mimi nimezaliwa Pwani na sikuyajua hayo yote. Nikamsahihishia nukta, maana sasa palikuwa na kitu cha kuwekea nukta.

Swali la kweli, yaani swali ambalo mwalimu hajui jibu lake, ndilo linalomfanya mwanafunzi akuandikie wewe badala ya kuandikia alama. Weka moja katika kila daftari, kila wiki. Ni kazi. Watu ishirini ni maswali ishirini. Lakini kama unataka kujua nilipata nini kule, nilipata hayo majibu.

Hatua ya sita: fundisha wanachokihitaji, na wanachokijua kukuzidi

Barua ndizo zinazohitajika kwanza. Barua kwa mama, kwa mzee wa mtaa, kwa mahakama. Mtu aliyehukumiwa na mahakama ya chini Kenya ana siku 14 za kukata rufaa, na wapo waliozipitisha kwa kuwa hawakuweza kusoma karatasi waliyopewa. Tumia hati ya mashtaka ya kubuni kama somo la ufahamu: mshtakiwa ni nani, tarehe ipi, kifungu gani. Lakini mwalimu si wakili. Ukiulizwa "mwalimu, hapa nitashinda?", mpeleke kwa wasaidizi wa sheria waliomo humo ndani. Wapo, na wengine ni wafungwa waliobobea. Wafungwa wa Kenya na Uganda wamesomea shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa ndani. Susan Kigula, aliyekuwa amehukumiwa kunyongwa katika gereza la Luzira, alikuwa mbele ya kesi iliyoifanya Mahakama ya Juu ya Uganda, mwaka 2009, kuondoa ulazima wa hukumu ya kifo. Alisoma sheria gerezani, akatoka 2016. Mtaje darasani. Habari kama hiyo kutoka jirani inaingia kuliko hotuba yako yoyote.

Kisha fundisha mashairi, hata kama umeitwa kufundisha Kiingereza. Gereza lina watu wenye muda, masikio na uchungu, na shairi la arudhi, lenye vina na mizani, halihitaji karatasi kwa kuwa linakaa kichwani. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa 1969 hadi 1972 kwa sababu za kisiasa, alitunga mashairi yake kifungoni kwa siri kwenye karatasi za chooni, na yakachapishwa 1973. Wanafunzi wangu wakisikia hilo huuliza swali moja tu: alizitoaje?

Siku moja kijana alisoma mshororo wake: *Lango likifungwa kumi, moyo wangu hushtuka.* Saa kumi ndiyo saa ya kufungiwa. Nikasema vizuri sana, tuendelee. Mzee wa shikamoo akanyanyua mkono. "Mwalimu, mwanao anachechemea." Akaanza kuhesabu kwa vidole: la-ngo-li-ki-fu-ngwa-ku-mi, nane. Mo-yo-wa-ngu-hu-shtu-ka, saba. Darasa likagawanyika. Wengine wakasema liachwe, maana imetimia. Wengine, "moyoni mimi hushtuka". Kijana akakataa, akasema hiyo inasema kitu kingine. Wakabishana nusu saa, mimi nimekaa. Mwishoni mzee akasema, taratibu kama anayetoa dawa: "Ongeza i. Hushituka. Wazee wetu walikuwa wanaongeza." Hu-shi-tu-ka. Nane.

Nilikuwa na shahada ya Kiswahili na sikuisikia ile saba.

Ruhusu hilo litokee, ukiweza litokee mara kwa mara. Mwalimu anayesahihishwa na mwanafunzi wa miaka sabini hapotezi kitu, na mwanafunzi anapata kitu ambacho gereza halimpi: nafasi ya kuwa sahihi mbele ya watu.

Hatua ya saba: mipaka

Utaombwa. Kupeleka ujumbe, kupiga simu moja tu, kuingiza sabuni, kumpa ndugu yake nauli. Aliyeomba anaweza kuwa na shida ya kweli, na bado jibu ni hapana. Ukibeba barua moja, kesho utabebeshwa kitu kilichofungwa ndani ya barua, na hutakuwa na namna ya kukataa. Usitoe namba yako ya simu, usiseme unakaa mtaa gani wala watoto wako wanasoma wapi. Usiahidi kumtafutia mtu wakili au kazi.

Jiandalie maneno mapema, maana hapana isiyoandaliwa hutoka na ukali au na kigugumizi. Langu ni hili: "Hilo siwezi, ndugu yangu. Lakini tukimaliza naweza kwenda ofisi ya masilahi kuuliza, nikutaje au nisikutaje?" Kisha nenda kweli, na umletee jibu hata likiwa baya. Wafungwa wamezoea watu wanaosema "nitaona". Hapana yako ikiwa ya wazi, ndiyo yako itaaminika.

Mwanafunzi akikwambia anapigwa, anaumwa bila tiba, au anataka kujidhuru, hiyo si siri ya kukaa nayo. Mwambie pale pale kwamba utaifikisha, na uifikishe kwa ofisa wa elimu, daktari wa gereza, kasisi au imamu. Upendeleo nao ni mpaka. Utakuwa na mwanafunzi mmoja unayempenda kuliko wengine. Kila mwalimu anaye. Nje ni jambo dogo. Ndani anaweza kupigwa kwa ajili yako.

Kwa atakayefundisha wanawake kuna neno la ziada. Sheria ya Kenya inamruhusu mama kukaa na mtoto gerezani mpaka mtoto afikishe miaka minne. Kwa hiyo darasani kutakuwa na watoto. Ukichukia kelele zao utawapoteza mama zao. Tandika mkeka nyuma, omba vitu vya kuchezea visivyo na ncha, na panga kazi ambayo mtu anaweza kuifanya kwa mkono mmoja akinyonyesha. Nyimbo za kuhesabu zinafundisha wote wawili.

Hatua ya nane: mitihani na uhamisho

Kama wanafunzi wako watafanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, anza na karatasi kabla ya vitabu. Mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa mara ya mwisho 2023, lakini wengi walio ndani waliufanya zamani na vyeti vimebaki kwa shangazi, au viliungua, au jina la cheti si la kitambulisho. Usajili hufanywa mapema katika mwaka, kwa hiyo Novemba ya mwaka wa nyuma uwe umekaa na kila mtahiniwa kuuliza: cheti kiko wapi, nani anaweza kukileta, cha kuzaliwa kipo? Asiyetaka vitabu, muulize kuhusu majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, daraja la tatu hadi la kwanza. Fundi seremala anayehitaji kusoma vipimo ni mwanafunzi wako pia.

Na uhamisho. Utafika Jumanne ukute benchi tupu: amehamishwa usiku, hakuaga. Inauma kuliko unavyotarajia. Kinga yake ni kadi ya maendeleo, karatasi moja ngumu ambayo kila mwanafunzi anakaa nayo mwenyewe, yenye mada alizomaliza, vitabu alivyosoma, na sahihi yako na ya ofisa wa elimu. Akifika gereza jingine anamwonyesha mwalimu wa huko, haanzi tena kwenye vokali. Isasishe kila mwezi, usingoje, maana gari la uhamisho halikupi notisi.

Hatua ya tisa: wewe mwenyewe

Nenda na mwenzako ikiwezekana, hata kama anafundisha chumba kingine, ili safari ya kurudi muongee. Utasikia mambo mazito, na nyumbani hawatataka kuyasikia wakati wa chakula. Weka daftari lako. Kila siku ya somo andika mistari mitatu: nani alikuwepo, nini kilikataa kueleweka, nini nilijifunza. Majina yasiwe kamili. Bila daftari hilo utaamini hakuna kinachosonga, kwa sababu mafanikio ya jela huja kwa vipande vidogo na kwa kuchelewa. Mimi nilifungua la mwaka wa kwanza na kukuta nimeandika "R. ameandika jina lake, herufi mbili zimegeuka". Siku hiyo R. alikuwa amenisomea tangazo la ukutani bila kuulizwa.

Wale watatu wa safu ya nyuma? Niliwafuata kupitia nyapara wa darasa, nikaomba waje mara moja tu. Sikutoa hotuba. Nilisema mbele ya wote kwamba somo la theluthi lilikuwa kosa langu na sitalirudia, kisha nikafundisha sehemu kwa mkate wa mofa na familia ya watu saba wanaogombana. Wawili wakabaki mpaka nilipoondoka.

Kuondoka nako kuna utaratibu. Sema mwezi mmoja kabla, si siku ya mwisho. Mkabidhi mwalimu wa ndani orodha yako ya masomo. Rudisha kila daftari. Usiseme "tutaonana" kama hujui.

Ukikutana nao nje

Mwache akusalimu yeye kwanza. Hujui yuko na nani, hujui amewaambia nini kuhusu miaka ile. Mpite kama mtu mwingine. Akikuita, simama. Akikukwepa, amekwepa gereza, hajakukwepa wewe.

Nilikuwa soko la Kongowea nanunua vitunguu. Muuzaji aliinama anapima, akanyanyua uso, akanitazama kidogo, akarudi kwenye vitunguu vyake. Pembeni alikuwepo mwanamke mjamzito akipanga nyanya, mkewe labda. Nikanyamaza. Kilo ikafika, akaongeza kitunguu kimoja kikubwa, akanyoosha mfuko.

"Mizani imetimia, mzee," akasema. "Niliongeza i."

Mwanamke akacheka, akamuuliza i ndiyo nini. Nikalipa.